Nyuso Zilizooshwa

Mlioniacha mlangoni wiki iliyopita, bado nipo mlangoni. Mkono uko kwenye kitasa, jasho linanitiririka mgongoni, na mume wangu wa ndoa ameshaingia ndani ya jengo hili na mwanamke aliyejitanda mtandio na kuvaa miwani mikubwa myeusi. Kamfungulia mlango wa gari kwa mkono wake. Mimi mlango huo najifungulia mwenyewe, tena wa nyuma, maana wa mbele unakwama na yeye hana haraka ya kuutengeneza.

Kwa wewe uliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nikudokeze upesi. Mimi kazi yangu ni kupamba maharusi, na mjini wananiita Mama Wanja. Mume wangu ni msimamizi wa ghala kwenye kiwanda cha magodoro. Mwaka huu wameletewa meneja mpya, mwanamke, wote wanamwita Madamu. Tangu aje huyo Madamu, mume wangu kanunua viatu vya kuchongoka, anajinyunyizia manukato mpaka kwenye soksi, na kila akifungua mdomo ni Madamu kasema hivi, Madamu kasema vile.

Picha yake niliiiba kwenye simu ya mume wangu akiwa bafuni. Midomo myekundu, nyusi zimechongwa kwa wembe, kope ndefu za kubandika, mashavu yamepigwa poda mpaka yanang'aa. Mimi ni fundi, najua rangi moja moja aliyoipaka na brashi aliyotumia. Ilikuwa kazi safi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mwanamke mbaya ningemsamehe.

Juu ya mlango waliandika kwa herufi za dhahabu: Kliniki ya Ngozi na Urembo. Nikasema ahaa. Kumbe mwenzangu analetwa kutengenezwa sura, na mimi nyumbani naambiwa nimezeeka vizuri. Wivu ukanipanda mpaka masikioni nikasikia yanavuma. Nikausukuma mlango.

Nilijiandaa kwa vita, msomaji wangu. Tangu kabla ya kupambazuka nilikuwa mbele ya kioo najipamba mimi mwenyewe, poda juu ya poda, wanja wa mkia, mdomo mwekundu kuliko wa kwenye picha. Nilitaka wanikute nimekamilika. Nilitaka mume wangu anitazame mimi, amtazame yeye, aone aibu.

Basi nikaingia, nikakuta mapokezi patupu. Mume hayupo, mwanamke hayupo. Yupo dada mmoja nyuma ya meza, kavaa koti jeupe, ananiuliza kwa upole kama nina miadi. Sasa ningemwambiaje? Kwamba nimekuja kufumania? Ulimi ukateleza, nikasema nimekuja kupata ushauri wa uso wangu. Akaangalia kompyuta yake akasema nina bahati, mtu mmoja kaahirisha, nitaonwa leo hii.

Kisha akanipa beseni, sabuni na taulo nyeupe.

Nikamuuliza vya nini. Akasema daktari hatazami uso wenye rangi, kila anayekuja kwa ushauri huosha kwanza, na kope za kubandika zinatoka pia. Nikamwambia mimi rangi hii ni kazi yangu, kama anataka kuniona anione hivi hivi. Akatabasamu. Alionekana amezoea wabishi.

"Mama, ukienda kwa fundi viatu si unavua viatu?"

Kutoka sikuweza, maana mume wangu alikuwa ndani ya jengo lile na mimi nilikuwa nataka kujua moja: bado ni wangu, au nimeshanyang'anywa? Nikaingia chooni nikaosha. Maji yalitoka rangi ya chai. Nilipoinua kichwa nikamwona kwenye kioo mwanamke ambaye hata mume wangu humwona kwa nadra, kwa sababu mimi huamka kabla yake nikajiweka sawa. Macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nyusi hazipo. Nikajifunga lile taulo kichwani nikatoka nikiwa nimeinamisha uso kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya bluu na feni inayolia. Wanawake walikaa wakiwa wameoshwa wote, taulo kichwani, na babu mmoja mwenye kinyama puani. Nikawapitia mmoja mmoja nikitafuta mdomo mwekundu. Hakuna. Nikatafuta nyusi za wembe. Hakuna. Nikajiambia Madamu atakuwa ameshaingizwa kwa daktari, na mume wangu kaingia naye, amemshikia mkoba. Picha hiyo ilinichoma mpaka nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona.

Jirani yangu alikuwa mwanamke ambaye, Mungu anisamehe, kumwangalia tu nilijisikia nafuu. Mashavu yalikuwa yamebabuka, hapa pekundu, pale peusi, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu. Macho yake yalikuwa mazuri, lakini ungeyaonea wapi kwenye uso ule. Nikamhurumia. Nikawaza, ona wenzako wana matatizo ya kweli, wewe unahangaika na mwanamume.

Akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikasema ndiyo. Akaniambia nisiogope, leo hakuna sindano wala kisu, leo ni maneno tu.

"Wataanza kukuuliza unatumia dawa gani, una mzio wa nini, una mimba au huna, na ukijikata unabaki na kovu gani," akaniambia. "Usifiche kitu, hata ile krimu ya kuazima kwa shoga yako. Watakupiga picha mbele na pembeni kwenye taa kali, utajiona umeshtakiwa. Halafu daktari atakupa kioo uoneshe kwa kidole chako mwenyewe kinachokukera. Na wewe umuulize. Muulize madhara, muulize itachukua muda gani kupona, muulize na kisichowezekana. Ukikuta daktari anayekuambia kila kitu kinawezekana, chukua mkoba wako uondoke."

Alisema kwa sauti ya dada anayekufunga kamba za viatu. Nikampenda. Na mimi nikishampenda mtu, mdomo wangu hauna breki.

Nikamwaga yote. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya uso, nimemfuata mume wangu, kaingia humu na hawara yake. Nikamwambia huyo hawara ni bosi wake, limwanamke lenye midomo kama limetoka kunywa damu. Nikamwambia Jumatatu nakwenda kwa mwenye kiwanda, ambaye binti yake nilimpamba mimi siku ya harusi na mpaka leo hawezi kuninyima kitu, nitamweleza meneja wake anavyowinda waume za watu, na jua halitazama kabla hajafukuzwa kazi. Lakini kwanza nitampasua uso huo anaouringia. Nilisema haya nikiwa nimemshika mkono.

Akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani hasa. Nikamwambia ghala la magodoro, mwanamume mrefu, mvi pembeni, pengo la jino hapa mbele, akicheka huweka mkono mdomoni. Akachukua chupa yake ya maji akanywa, akanywa tena.

"Mmeoana kwa ndoa?"

"Ya halali. Picha ipo ukutani."

"Na mnaishi nyumba moja?"

"Kitanda kimoja," nikamwambia. "Nusu yake ni yangu, na nusu ya pili nayo ni yangu."

Akatazama feni. Nikafikiri ameumia kwa ajili yangu, nikamshukuru, nikaona wanawake wema bado wapo duniani. Alikuja nesi akaita mgeni wa ushauri, nikainuka, na mkoba wangu nikamwachia yeye anishikie. Simu tu ndiyo niliyokwenda nayo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani kwenye ncha ya pua, sauti ya chini. Ikawa vile vile nilivyoambiwa. Dawa, mzio, mimba, kovu. Akauliza ninavuta sigara au sivuti, na ninalala usiku. Nesi akanikalisha kwenye taa nikapigwa picha, mbele, kushoto, kulia. Muda wote masikio yangu yalikuwa kwenye ukuta, nasikiliza kama nitasikia kikohozi cha mume wangu chumba cha pili.

Halafu daktari akaniuliza swali ambalo jirani yangu hakunitayarisha nalo.

"Umekuja kwa ajili yako, au kwa ajili ya mtu?"

Nikasema kwa ajili yangu. Akaandika kitu, na sidhani aliniamini. Akanipa kioo, akaniambia nimwoneshe kwa kidole.

Msomaji, mimi uongo huo sikuwa nimeuandaa. Kidole kikabaki hewani. Nikagusa chini ya jicho, kwa sababu lilikuwa karibu. Akasema huo ni usingizi, usingizi hauna sindano. Nikagusa kipaji cha uso. Akasema hapo ipo sindano ya kulegeza mikunjo, inadumu miezi michache, na wengine kope huwalegea kidogo kabla haijakaa sawa, kwa hiyo niende nyumbani nifikiri, asingenidunga leo hata nikimpigia magoti. Nikagusa mdomo. Nikagusa shavu. Nikagusa kidevu. Nilijikuta nagusa kila mahali, kwa sababu kila mahali palikuwa si pa Madamu. Machozi yakaanza kunilenga, na nilikuwa nimeingia pale bila ugonjwa wowote.

Daktari akaniambia nipumue. Badala ya kupumua nikatoa simu nikamwekea ile picha mezani.

"Nataka niwe hivi," nikamwambia. Na hapo sikuwa nadanganya tena.

Akasema wengi huja na picha, na yeye haichukii, inamsaidia kujua mtu anapenda nini. Lakini sura ya mtu haihamishiki kama pazia. Alikuwa bado anaongea nesi alipochungulia begani kwake. Yule nesi, jamani, mdomo wake ni kama wangu.

"Si dada uliyekuwa umekaa naye hapo nje? Naye alituletea picha hii hii, akasema ndivyo alivyokuwa kabla ya kubabuka."

Daktari akavua miwani. Akamwambia nesi atoke, tena kwa sauti ya chini ile ile, na nesi akatoka. Kisha akaniomba radhi, akasema habari ya mgonjwa haisemwi mbele ya mgonjwa mwingine, na kwamba atalishughulikia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilishasikia. Nilishasimama.

Kutoka mlango wa daktari hadi viti vya bluu si mbali, ila mimi niliuona ni mwendo wa siku nzima. Kila neno nililomwambia lilinirudia. Limwanamke. Midomo ya damu. Jumatatu. Nilimshika mkono nikimwambia nitampasua uso, na uso wenyewe ulikuwa umeshapasuka, unanisikiliza.

Alikuwepo. Hakuondoka. Mkoba wangu ulikuwa mapajani mwake. Nikainua mkono kumzaba, babu wa kinyama akajikunja kwenye kiti chake.

"Kaa kwanza, dada," Madamu akasema. "Nilikuwa na nafasi ya kukimbia. Nimekungoja."

"Uninyang'anye mume halafu uningoje?"

"Aliniambia mke wake amekufa."

Nikakaa. Akanieleza pole pole. Mume wangu alijitambulisha kwake kama mjane. Machozi yalikuwa hayajamkauka, alisema. Anaishi na dada yake, alisema, na simu ikipokelewa na mwanamke, ni huyo dada yake mkubwa, mkali kidogo.

"Mkubwa?" nikauliza.

"Alisema mkubwa."

Hapo niliumia kuliko kuuawa.

Nikamuuliza kuhusu uso. Akasema mume wangu ndiye aliyemletea krimu, zawadi, ndani ya kikopo kidogo chenye mfuniko wa kijani, hakina karatasi. Akamwambia ni ya kulainisha uso, apake usiku alale nayo. Amepaka usiku mmoja tu, asubuhi kaamka analia. Ndiyo maana mume wangu anamleta kliniki kama mtoto, ni hatia inamsukuma. Na sasa hivi kaenda duka la dawa nyuma ya jengo kuchukua mafuta aliyoandikiwa Madamu safari iliyopita.

Kikopo chenye mfuniko wa kijani. Mimi dawa zangu zote nanunua kwenye madebe nazigawa kwenye vikopo, na rangi ya mfuniko ndiyo inayoniambia hiki ni nini. Cheupe ni cha uso. Cheusi ni cha kutoa rangi. Kijani kimoja kilinipotea kwenye kabati, nikahisi nimekisahau kwa mteja. Mume wangu tangu anioe hajawahi kuniuliza mfuniko gani ni wa nini.

"Mwenzangu," nikamwambia, "hiyo ni dawa ya magaga. Ya kubabua visigino."

Akanitazama. Nikamtazama. Sijui nani alianza, ila tulicheka mpaka yeye akashika mashavu kwa maumivu na dada wa mapokezi akasimama kutuchungulia. Mwanamume kamchukulia mkewe dawa ya miguu, kaenda kumpaka hawara usoni. Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa imeishia kisiginoni.

Kicheko kilipokwisha wivu ukarudi kukaa mahali pake. Kwa sababu hata kama ni magaga, kaenda kabatini, kachagua, kaficha mfukoni, kampelekea. Mimi hajawahi kuniletea hata kitana. Nikamwambia Madamu hivyo hivyo nilivyohisi.

Kisha akaniambia jambo ambalo ingekuwa heri asingeniambia. Akasema hakumpenda mume wangu kwa viatu wala kwa manukato. Alimpenda kwa jinsi anavyomlilia mkewe. Kwamba marehemu alikuwa akipiga pasi huku anaimba chini chini. Kwamba hata akinuna alimtengea maji ya moto ya kuoga, akayafunika yasipoe, akaendelea kununa. Kwamba alilala amemshika kidole gumba kama mtoto. Kwamba tangu aondoke, nyumba haina harufu.

Nilisikiliza kwa kiu. Miaka yote ya ndoa mume wangu hajanitamkia neno moja la namna hiyo. Nikimuuliza kama ananipenda ananijibu, si nipo. Kumbe maneno alikuwa nayo, anakwenda kuyamwaga kwa mwingine, na ili ayatoe ilibidi kwanza anizike. Nikamwonea wivu marehemu, na marehemu ni mimi. Kuimba kwenye pasi siimbi, ni kweli, na kidole gumba simshiki, lakini nikajiambia mwongo hupamba, kama mimi ninavyopamba, anaongeza pale palipopungua.

Nikataka kusikia kwa masikio yangu. Nikamwambia Madamu, akirudi, muulize nilikufaje. Akasita. Nikamwambia namdai hilo. Akakubali kwa kichwa.

Tulisikia viatu vyake vya kuchongoka kwenye ngazi. Nikalishusha taulo likanifunika uso wote, nikaegemea ukuta kama mgonjwa aliyewekewa kitu cha baridi. Akaingia. Manukato yakaingia mbele yake. Akapita magotini kwangu, akasema samahani mama, akakaa upande wa pili wa Madamu. Samahani mama. Mimi.

Madamu akamwambia kwamba uso unamuuma na hataki kuwaza uso. Akamwomba amsimulie tena mkewe alivyofariki.

Akasimulia, na sikutegemea atasimulia vile. Alisema tumbo lilianza kama mzaha. Alisema hospitali waliwarudisha, wakaenda tena, safari ya pili hawakurudi wawili. Alisema mkewe alimwambia amletee pasi wodini, nguo zake zimekunjamana, na wauguzi wakacheka wakidhani ni homa. Sauti ikamkatika. Nikasikia anavuta pumzi kwa pua, mara mbili, kisha kimya, kisha tena.

Kilio kile nakijua. Nilikisikia siku tuliyomzika mama yake. Mume wangu ni mwongo, ila kulia kwa uongo hajui.

Nikalitoa taulo.

Nilitegemea aruke, akimbie, aanguke. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama uso wangu mtupu, kisha akauweka mfuko wa dawa sakafuni.

"Nimekufa lini?" nikamuuliza.

"Aliyekufa si wewe."

Madamu akageuka kumtazama. Babu wa kinyama naye akageuka.

"Nilikuwa na mke kabla sijakufahamu," mume wangu akasema. "Nilikuoa wewe yeye akiwa hai."

Nilimsikia vizuri, ila nilimwambia arudie, na akarudia. Zile safari za kila mwezi za kufuata sponji mji wa pili hazikuwa za sponji peke yake, huko alikuwa na nyumba. Wiki aliyonipigia simu kwamba lori limeharibika njiani, lori lilikuwa zima. Alikuwa anazika. Akasema kwa Madamu alidanganya juu yangu, hilo analikiri, lakini juu ya yule mwingine hakudanganya hata neno moja.

Madamu akasimama, akauweka mkoba wangu kwenye kiti, akaenda kukaa mbali na sisi wote wawili. Sikumlaumu. Mimi niliyekuja na kucha zangu kumsaka mwizi wa waume, nimepekuliwa na mimi, na kitu kimeonekana. Nilikuja kufumania nikafumaniwa. Zile nyimbo za kwenye pasi, yale maji ya moto, kile kidole gumba, hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Kulikuwa na mwanamke aliyependwa namna ile, na mimi nilikuwa yule mwingine.

Na bado, msomaji, wivu hauna haya. Ningemuuliza mambo mengi ya maana. Nikamuuliza hili:

"Alikuwa ananijua?"

"Tangu mwanzo."

"Alinijuaje?"

Akaangalia mikono yake. "Alikuja kwako. Alisema ana harusi ya ndugu yake, ukamkalisha kwenye kiti chako ukampamba. Aliporudi nyumbani aliniambia una mkono mwepesi. Akasema sasa ameelewa. Usiku ule alilala na ile rangi, hakutaka kuiosha."

Nikafumba macho nikamtafuta. Wamekaa wengi kwenye kiti kile, wananiinulia kidevu, wananipa uso mtupu bila wasiwasi, na mmoja wao alikuja kunitazama mimi. Nilimshika shavu. Nilimwambia atulie asipepese, wanja usije ukaharibika. Labda tulicheka. Labda nilimlalamikia mume wangu, maana wateja huwa nawalalamikia. Nilitafuta sana. Uso wake sikuupata.

Nikamwambia mume wangu anioneshe picha yake, papo hapo, nimjue mtu niliyemdhulumu.

Akasema marehemu hakupenda kupigwa picha. Ila amemwacha binti, mtu mzima sasa, na huyo binti kachukua sura ya mama yake yote, nikimwona nimemwona.

"Jumamosi anaolewa," akasema. "Na amekataa kupambwa na mtu mwingine. Anakutaka wewe."

Nikamuuliza kama huyo binti anajua mimi ni nani.

"Ndiyo maana anakutaka," akasema.